Saumu za Mratibu

Watu wa ofisi zote tulizozihudumia walimjua kwa jambo moja: hali chakula cha mtu. Ungemwekea sahani ya pweza wa nazi na mkate wa ufuta uliotoka jikoni sasa hivi, akautazama, akausifu, akamwombea dua aliyeupika, na asiuguse. Mjini walisema ana maringo. Mashamba walisema anaogopa kulishwa vitu. Dereva wetu, aliyekuwa akila vyake na vya Mratibu, hakusema kitu, na mwili ulimpendeza.

Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Mratibu, hata alipokwisha kustaafu, hata mbele ya mkewe. Nilikaa chini yake miaka mingi kuliko nilivyotaka. Nasema hivi bila ya kumvunjia heshima. Kazi yenyewe ilichosha, naye aliizidishia uchovu kwa namna alivyoifanya, na hadi leo magoti yakiniuma katika ngazi za ofisi namkumbuka yeye kabla sijaikumbuka dawa.

Ofisi yetu ilikuwa juu katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, chumvi imeila chokaa ya kuta na ngazi zimesimama utadhani zimejengewa mbuzi. Katika chumba kilichokuwa stoo zamani tuliweka seva, yaani kompyuta moja iliyowaka mchana na usiku, ambamo ofisi nyingi za kisiwa ziliweka kurasa zao za mtandao na taarifa zao zisizotakiwa kuonwa na kila mtu. Watu wa kilimo wa Kizimbani waliweka mvua zao na miche ya mikarafuu. Soko la Mkokotoni liliweka samaki walioshuka. Kamati ya Uroa iliweka makubaliano yake na mahoteli. Mashine ilikuwa moja, lakini kila mmoja alikuwa na mlango wake na neno lake la siri. Mashine kama hiyo huzeeka, na kufuli zake wezi wakazizoea, ikabidi iboreshwe. Na kabla ya kuiboresha, ni lazima uwaulize wanaoitumia wanahitaji nini, usije ukawafungia nje watu wako mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mratibu, na mimi msaidizi wake.

Ukiisikia utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Mkurugenzi wetu alidhani hivyo. Yeye alitaka watu waitwe ukumbini, wapewe soda na sambusa, waulizwe, watie saini, wende zao. Mratibu hakuitaka mikutano. Alisema mkutanoni mtu hasemi haja yake, husema haja ya mkubwa wake aliyekaa kiti cha mbele. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini ukweli huo ndio uliotupakia garini, mvua na jua, tukaifuata kila ofisi mpaka kwenye kijichumba chenye kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kilichotariziwa maua.

Na akishafika hamuulizi mtu anahitaji nini. Hilo, alisema, ni swali la muuza duka. Yeye alikaa, akauliza habari za nyumbani na za wagonjwa, kisha akasema, "Hebu nieleze ya jana. Ulikuja kazini, ukafanya nini?" Akaweka mikono mapajani na kuacha mtu aeleze. Mmoja wa Kizimbani alieleza jana yake yote, na jana hiyo ilikuwa ni kumsubiri mwenzake arudi msibani, kwa sababu neno la siri alilijua mwenzake huyo peke yake. Mtu huyo angeulizwa anahitaji nini, angejibu anahitaji kiti kipya.

Kalamu ilikaa mfukoni wakati wote huo. Hakuandika hata neno mpaka mwenyewe aseme, "Andika." Aliamini kwamba haja ya mtu si haja mpaka akuruhusu kuiandika, kabla ya hapo ni mazungumzo tu, na mazungumzo ya watu si mali yako. Walikuwapo waliosema "andika" upesi, na walikuwapo wasiosema kabisa, tukarudi mjini mikono mitupu, tukaenda tena juma jingine. Nilikuwa nakasirika. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na mama mkwe mwenye ulimi, nami mchana kutwa nimekaa benchi la Mkokotoni nikisikiliza habari za jana za mtu.

Usidhani alikuwa walii. Mtu huyu aliyehubiri kila ofisi kwamba neno la siri ni siri, lake tulilijua sote, kwa sababu alipoliandika alilitamka herufi moja moja kwa sauti. Mafundi wakimsikia wakimalizia. Chumba cha seva chenyewe alikiogopa. Akisimama kizingitini, anapiga bismillahi, anauliza kama "imelala vizuri," na anaondoka bila ya kuingia. Siku za mwisho za kazi akawa anausogeza uso karibu kabisa na kioo cha kompyuta, tukamtania kwamba sasa anataka kuinusa.

Na kusikiliza kwake kote kuliishia mlangoni kwake. Mkewe aliniambia siku moja harusini, mbele yake mwenyewe, "Mie nshamwambia bomba linavuja tangu mwezi wa Mfunguo Mosi. Kisiwa kizima anakisikia, mie hanisikii." Mratibu wakati huo alikuwa na sinia la biriani, anakula kwa raha zake, na mchuzi umemfika kwenye kifundo cha mkono. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa na ugonjwa wa tumbo, wala hakuwa na maringo ya chakula. Harusini alikula kupita bwana harusi. Ila kwa watu tuliokwenda kuwauliza, hata maji ya kunywa aliyaacha.

Sababu yake niliipata garini, siku moja tunatoka Mkokotoni. Nilikuwa nimeshachoka, nikamwuliza bila ya kuzunguka kwa nini anatutia aibu kwa watu. Tukapita mashamba mawili matatu, ndipo akanieleza habari ya Bi Kazija.

Ilikuwa kabla sijaajiriwa, seva inaboreshwa mara ya kwanza. Mratibu alikwenda Mkokotoni, na Bi Kazija ndiye aliyekuwa akiingiza habari za soko la samaki. Mama huyo alimpikia changu wa kupaka na wali wa nazi, akamtandikia mkeka wa wageni. Mratibu akala, akashiba, akanawishwa. Ndipo akauliza, vidole bado vinanukia samaki, kama kuna lolote linalowasumbua kwenye mashine. Bi Kazija akajibu, hatuna neno, alhamdulillahi. Na mambo yakaishia hapo. Maana wewe uliyekula kwa mtu, utaanzaje kumchimba akutajie nyumba yake imepungukiwa na nini? Na yeye aliyekulisha, atakuambiaje kwamba kompyuta yake ni kukuu, kufungua ukurasa mmoja tu jua linampandia kichwani? Mgeni hapewi chakula na malalamiko kwa mkono mmoja.

Basi seva ikaboreshwa, ikatiwa kufuli mpya, na kompyuta ya Bi Kazija ikawa haizifahamu kufuli hizo. Mlango ukafungwa mbele yake. Akadhani ameiharibu mwenyewe. Hakumwambia mtu. Kuanzia hapo akawa anakuja mjini kila juma, na karatasi yake mkobani, anampa karani wa chini amwingizie, anarudi zake. Ofisini kila mtu aliona habari za Mkokotoni zinafika, akajua mambo ni mazuri. Mpaka siku moja alipoteleza akishuka garini, akavunjika nyonga. Habari za samaki zikakatika, na hapo ndipo walipouliza.

"Nlikwenda kumtazama hospitali," Mratibu alisema, uso ameugeuzia dirishani. "Unajua alinambia nini? Alinambia, niwie radhi bwana, nimeiharibu mashine yenu. Aliniomba radhi mie. Mie niliyekula changu wake."

Bi Kazija hakurudi tena kazini. Alitembea kwa mkongojo mpaka alipofariki, na Mratibu alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza.

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, lakini sikuwa na hakika, na yeye angejua kwamba sina hakika. Nikamwacha na dirisha lake.

Baada ya msiba wa nyonga ile ndipo alipoanza kukataa chakula. Mwanzo alikataa hivihivi, na ilikuwa karibu tufukuzwe. Msimamizi mmoja wa Kizimbani, mzee wa watu, alimwambia ikiwa chakula chetu hakikufai basi na maneno yetu hayakufai, akainuka akaenda zake kwenye miti yake ya miforosadi. Tulirudi mjini bila ya chakula wala maneno. Ndipo Mratibu akapata hila yake. Akahamishia safari zote Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo watu wema hufunga sunna. Akikaribishwa husema, nimefunga. Mtu aliyefunga hakuna wa kumlazimisha na hakuna wa kumchukia. Mwenyeji anaondokewa na mzigo wa sahani bila ya kuvunjiwa heshima, anasema Mungu akutakabalie, anakaa. Na akikaa, mikono haina kazi, mdomo nao unataka shughuli.

Nami ikabidi nifunge, maana ingeonekana vibaya mkubwa kafunga na msaidizi anatafuna. Siku ambazo mwanamke hafungi nilikula nimejificha garini, dereva ananilindia. Sikuwa na raha na saumu zile. Kufunga kwa ajili ya Mungu kuna utamu wake. Kufunga kwa ajili ya kuboresha seva ni njaa tu.

Yeye mwenyewe jambo hilo lilimkera. Siku moja tunangoja magharibi njiani, kila mtu na tende yake mkononi, aliniuliza, "Unadhani saumu hizi zinaandikwa? Niya yangu haikukaa sawa. Nnafunga nipate kuambiwa ukweli." Nikamjibu Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa na njaa, sikuwa na fatwa.

Lakini hila ilifanya kazi, siwezi kulikataa hilo. Kule Uroa, mjumbe mmoja wa kamati alituzungusha asubuhi nzima kwamba kila kitu ni salama. Alipoona hatuli, hatunywi, na hatuondoki, akaanza kueleza jana yake. Jana alikwenda hotelini. Kufanya nini? Kuandika barua za kamati, maana kompyuta ya kamati imekufa, na karani wa hoteli ni kijana mzuri, anamwazima ya kwake, na siku ambazo miwani haipo humwandikia hata neno la siri. Kumbe makubaliano yote ya kamati na hoteli, na bei watakazodai, na mwisho wao wa kushuka, ufunguo wake alikuwa nao mtu wa hoteli. Mjumbe alipojisikia maneno yake mwenyewe alitahayari, akatazama chini. Mratibu hakumcheka, hakumkemea. Alingoja. Mwisho mjumbe akasema, "Andika. Lakini usiniandike mie." Akaandika haja, hakuandika mtu.

Mkurugenzi aliyaona haya yote kuwa ni uzembe. Wafadhili walikuwa wakiuliza, mashine mpya imekaa ndani ya maboksi yake, na Mratibu bado anazunguka mashamba kuuliza habari za jana. Alimfokea mbele yetu, mara nyingi. Mratibu alijibu neno lilelile kila mara, kwa sauti ya mtu aliyechoka: yeye mwenyewe atafanya haraka akishajua anamfungia nani nje. Hakupandishwa cheo. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani, hotuba, na pilau, na pilau siku ile aliila mpaka tukaona haya. Mimi nikakaa kwenye kiti chake, nikakikuta kimebonyea upande mmoja, na sijakitengeneza hadi leo.

Miaka ikapita na seva ikazeeka tena. Safari hii mafundi walikuja na sharti: ukurasa wowote ambao mwenyewe hakuugusa kwa muda mrefu utafutwa, kwa sababu mlango usiotazamwa ndio anaopitia mwizi. Wakanipa majina ya kurasa zilizolala. Mmojawapo ulikuwa ni ukurasa wa jumuiya ndogo ya wastaafu wa mjini, wa kutangaziana wagonjwa, misiba na vikao, na aliyekuwa akiuangalia ni Mratibu. Baada ya kustaafu kazi hiyo ndiyo iliyomfanya aamke, avae kofia na kujiita mtu mwenye shughuli. Nikaufungua. Mtu aliyetangazwa pale kuwa ni mgonjwa tulikuwa tumeshamzika, na hitima yake tumeshaisoma.

Nikampigia simu. Akasema hatuna neno.

Nikamwendea nyumbani kwake Kiponda, siku ya Jumatano, nimepita tu kwa haraka baina ya kazi mbili. Kwenye ngazi sijavua hata viatu nikasikia sahani. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, na yeye mwenyewe, yule yule, akaniambia, "Kula kwanza, mwanangu. Mengine baadaye." Mkewe alileta wali, mchuzi wa jodari, mchicha, na bilauri ya maji ya ndimu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikala, nikaongezwa, nikala. Yeye alikula kidogo, vidole vyake vikipita ukingoni mwa sahani kwanza kabla ya kuingia kwenye wali. Niliponawa nikamwuliza kama kuna lolote linalomsumbua na ukurasa wa wastaafu.

"Hatuna neno, mwanangu," akasema, na akatabasamu.

Nilifika nusu ya ngazi nikirudi ndipo nilipofahamu nimefanywa nini. Amenilisha makusudi. Alinishika kwa kitu kilekile alichokikimbia maisha yake yote, na mimi nikanyoosha mkono wangu mwenyewe. Nilikasirika sana. Kisha nikavikumbuka vile vidole kwenye ukingo wa sahani, na hasira ikaniishia, nikakaa palepale kwenye ngazi kwa muda, watu wananipita.

Sikumwambia fundi yeyote. Niliwaomba ukurasa ule wauache mpaka juma linalofuata, nikanung'unikiwa kama alivyonung'unikiwa yeye. Nami nilimwelewa Mkurugenzi wa zamani, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimechoka, na ufutaji ni kubonyeza mara moja tu. Lakini ukurasa ule ukifutwa, mzee huyu hana tena cha kuamkia, na sitakuwa nimemuuliza.

Jumatatu nikaenda tena. Mkewe alitoka na sinia lake, nikamwambia kwa adabu, "Nimefunga, Bi mkubwa."

Mratibu alikuwa kwenye kiti chake. Akaugeuza uso kwenye sauti yangu. "Leo Jumatatu," akasema.

"Naam, Mratibu."

Akacheka mpaka akakohoa, akajifuta kwa leso, akasema kwamba hayo ni malipo yake, kanisomesha mwenyewe. Mkewe alirudi ndani na sinia. Nikakaa karibu naye, nikauweka mkoba chini na mikono mapajani. Tukaulizana habari za nyumbani, na za wagonjwa. Chini uchochoroni watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakisoma kwa pamoja. Waliponyamaza nikamwambia, "Hebu nieleze ya jana."



"Jana," akasema, "niliamka, nkaswali, nkanywa chai. Nkavaa kofia. Nkakaa pale." Akanyoosha mkono kwenye kompyuta, na mkono ukaelekea dirishani. "Nkaiwasha. Nkakaa nayo mpaka adhana ya adhuhuri. Bi mkubwa akipita anaisikia feni yake inavuma, anajua nnafanya kazi." Akavuta pumzi. "Juzi vilevile."

Jikoni hapakuwa na sauti ya chombo wala ya maji. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa limetulia, na chini yake niliona vidole vya miguu ya mkewe, amesimama.

Nilitaka kumshika mkono, na sikumshika, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

"Kalamu unayo?" akauliza.

"Ninayo, Mratibu."

"Haya, andika. Mtumiaji mmoja, Kiponda. Haoni."